Mkono wa spea nyuma ya gari: bawaba za geti hazifai

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Land Cruiser mfululizo wa 80. Nimeweka matairi ya 315/75R16, na sasa spea haiingii tena chini ya gari kama zamani, kwa hiyo naibeba ndani na inamaliza nafasi yote. Nataka kutengenezewa bampa la nyuma la chuma lenye mkono wa kubeba spea, unaofunguka kando. Anayenichomelea anasema atatumia bamba la milimita 6 kote, na mkono atautia bawaba mbili kubwa za geti. Anasema likiwa zito ndiyo uimara wenyewe. Yuko sahihi? Na mkono utazuiwaje usigongegonge kwenye barabara mbovu?

JIBU: Ndugu yangu, kwenye bamba la milimita 6 huyo fundi wako anapoteza chuma tu. Kwenye bawaba za geti ndipo atakapokuharibia safari, kwa hiyo tuanze hapo.

Tairi la saizi hiyo likiwa na rimu ya chuma lina kilo 45 hivi, na mkono wenyewe ukijengwa sawasawa utafika kilo 20. Kitovu cha tairi kitakaa sentimita 65 hivi kutoka kwenye bawaba. Fungua mkono huo gari likiwa limesimama, na bawaba zinavutwa kwa takriban nyutoni-mita 385 (kipimo cha nguvu ya kupinda: nguvu mara umbali wake). Bampa halina kimo kikubwa, kwa hiyo bawaba zako mbili haziwezi kuachana zaidi ya sentimita 15. Maana yake ya juu inang'olewa kwenda nje na ya chini inasukumwa kwenda ndani, kila moja kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 260. Na gari bado halijaenda popote. Geti linavumilia kwa sababu bawaba zake zimeachana mita nzima au zaidi, tena halirushwi na mashimo. Pia pini ya geti huachiwa nafasi ndani ya tundu lake ili lifunguke bila taabu hata nguzo ikiinama. Nafasi ya milimita 1 tu kwenye bawaba zilizoachana sentimita 15 inakuwa milimita 6 kwenye ncha ya mkono wa sentimita 90. Hizo milimita 6 ndizo kelele unazoziogopa.

Badala yake tafuta habu ndogo ya trela, yaani kile kikombe kinachofungiwa gurudumu, pamoja na spindeli yake, mhimili ambao habu huzungukia. Ndani mna beringi mbili za roli zilizokaa mshazari, ambazo hubeba uzito wa kushuka na msukumo wa upande kwa pamoja. Spindeli ipite kwenye bamba la juu la bampa na kwenye bamba la chini, na ichomelewe kote kuwili. Ikichomelewa juu peke yake, bamba la juu litakuwa linapumua kila mkono unapotikisika, na chuma kinachopumua mwisho wake ni ufa. Hapo kwenye bamba la juu, kuzunguka spindeli, ndipo milimita 6 au hata 8 zina kazi ya maana.

Kukaza beringi za mkono si sawa na kukaza beringi za gurudumu. Gurudumu huachiwa uhuru kidogo kwa sababu linazunguka kwa kasi na kupata joto. Mkono wako hauzunguki; unafunguka robo duara na kurudi. Kaza nati huku ukiuzungusha mkono hadi uhisi unaanza kuwa mzito kidogo, kisha tia pini ya kufunga nati. Uzito huo mdogo ndio unaotaka, kwa sababu unaondoa kuchezacheza kote, na beringi haitaungua. Ila kabla ya kuchomelea chochote karibu na habu, toa beringi na grisi, na klipu ya athi ya mashine (ile inayorudisha umeme) uibane kwenye kipande kilekile unachochomelea. Umeme ukipita katikati ya roli na kikombe chake, unaacha vidonda vidogo kwenye chuma laini kama kioo, na beringi mpya inaanza kukwaruza siku hiyohiyo.

Kuna wanaotumia bomba nene na bushi ya shaba nyeusi, yaani kibomba cha ndani ambamo mhimili huzunguka, badala ya habu. Inafanya kazi, mradi bushi iwe ndefu, ikerezwe sawa kwenye mashine na iwe na nipeli ya kupigia grisi. Vumbi huila haraka kuliko beringi yenye sili. Kama habu ya trela inapatikana, mimi sioni sababu ya kuhangaika na bushi.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Piga hesabu hii. Kwenye njia mbaya mimi huchukulia kwamba mzigo unaruka hadi mara 3 ya uzito wake wa kusimama. Zile nyutoni-mita 385 zinakuwa 1,155. Spindeli ya chuma cha kawaida yenye kipenyo cha milimita 38, ikiachiwa mzigo huo peke yake, inabeba mkazo (nguvu kwa kila eneo la chuma) wa zaidi ya megapaskali 210. Chuma hicho huanza kupinda bila kurudi kwenye 250 hivi. Umebakiwa na kidogo sana, na hiyo ni kabla ya kuhesabu uchovu wa chuma kinachotikiswa mara elfu nyingi. Unaweza kununua spindeli nene zaidi, lakini jibu zuri ni lingine: mkono ukishafungwa usining'inie kabisa. Ukae.

Kwenye ncha ya mkono, upande wa pili wa bawaba, jenga kiti juu ya bampa. Ni kipande cha chuma chenye mteremko, kimefunikwa kwa plastiki ngumu inayoteleza, ile nyeupe au nyeusi ya kukatia vibao vya mashine. Mkono unapofungwa, ncha yake inapanda mteremko huo na kuinuka milimita 2 au 3, kisha inaingia kwenye mfereji wenye umbo la V unaouzuia kwenda mbele na nyuma. Kuanzia hapo uzito umegawanyika: sehemu kwenye spindeli, sehemu kwenye kiti. Komeo lako, lile la wenzo linalovuta na kujifunga lenyewe likipita katikati, linabaki na kazi moja tu ya kuuvuta mkono ukae kitini. Makomeo mengi ya wenzo hukatika kwa sababu yamepewa kubeba tairi, kazi ambayo hayakutengenezewa. Na hata komeo likiwa zuri namna gani, ongeza pini ya usalama pembeni yake. Wenzo unaweza kufunguka kwa mtikisiko; pini haifunguki.

Kiti hiki kichomelewe mwisho kabisa, tairi likiwa limeshafungwa kwenye mkono. Hapa ndipo wengi huharibu. Mkono mtupu husimama juu. Ukiufungia kilo 45 unashuka milimita kadhaa kwenye ncha, hata ukiwa umejengwa kwa chuma kizuri. Ukiweka kiti kwa kipimo cha mkono mtupu, siku ya kwanza ya tairi ncha itagonga ubavu wa kiti badala ya kupanda juu yake, na utalazimika kuuinua kwa bega kila unapofunga. Funga tairi, acha mkono ushuke, ndipo upime.

Umbo la mkono nalo. Tairi halikai juu ya bomba la mkono. Linakaa nyuma yake kwa sentimita 20 hivi na juu yake kwa nusu mita. Kwa hiyo bomba haliinami tu, linasokotwa. Bapa au chaneli iliyo wazi upande mmoja hukubali kusokotwa kirahisi. Bomba la mraba lililofungwa pande zote halikubali. Bomba la milimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 4 lina kilo karibu 5.7 kwa mita na linatosha kwa nguzo ya kusimama. Lile la kulala lililotoka kwenye habu napenda liwe la 75 kwa 50. Kwenye kona ambapo nguzo inakutana na bomba la kulala, weka kipande cha pembetatu cha kuimarisha, na ncha zake zisiishie katikati ya ubavu mwembamba wa bomba. Niliwahi kuletewa mkono uliotoka kwa fundi mwingine. Kwa mbali ulikuwa mzima, lakini kwenye kona hiyo kulikuwa na mstari wa kutu mwembamba kama unywele, unafuata ukingo wa chomeleo kwa urefu wa sentimita 3. Rangi ilikuwa imepasuka juu ya ufa na maji yameingia. Nilipogonga na nyundo, vumbi jekundu likamwagika. Hakukuwa na pembetatu, na chomeleo lilikuwa nene kwa nje bila kupenya ndani. Kingo za bamba nene zikatwe mshazari kabla ya kuunganishwa, ili chuma kiyeyuke hadi chini.

Kwa bamba la kufungia rimu, gari lako lina stadi (bolti za gurudumu) 6 kwenye duara la milimita 139.7, za M12, yaani kipenyo cha milimita 12, zenye nyuzi za milimita 1.5. Bamba la milimita 8 au 10 linatosha, stadi 3 kati ya 6 zinashikilia tairi vizuri, na moja iwe ya nati ya kufuli. Elekeza valvu ya tairi mahali mkono wako unafika na geji ya upepo. Spea hukaa miezi bila kuguswa, na hakuna anayepima upepo wa tairi ambalo hadi lifunguliwe ndipo valvu ionekane.

Kosa jingine ninaloliona mara nyingi, na kwenye gari lako litakuwa la hatari kwa sababu bodi na chasisi ni vitu viwili tofauti. Bodi imekaa juu ya chasisi kwa raba. Gari likipita kwenye njia iliyopinda, gurudumu moja juu na jingine chini, chasisi inasokota na bodi inafuata kwa kuchelewa. Bampa lako limefungwa kwenye chasisi. Mlango wa nyuma uko kwenye bodi. Kwa hiyo mkono wala tairi visiguse mlango, na mtu asikushawishi kuunganisha mkono na mlango kwa fimbo ngumu ili vifunguke pamoja. Acha nafasi isiyopungua sentimita 3 kati ya tairi na kitu chochote cha bodi. Kama unataka raba ya kutulizia, ikae kati ya mkono na bampa, chuma cha chasisi kwa chuma cha chasisi.

Turudi kwenye uzito. Bampa lililokunjwa la upana wa mita 1.7 lenye mzunguko wa sentimita 60 hivi ni kama mita 1 ya mraba ya bamba. Kwa milimita 6 hiyo ni kilo 48, kabla hujaweka mifupa ya ndani, habu na mkono. Kwa milimita 3 ni kilo 24. Ukiweka ndani uti wa mgongo wa bomba la 100 kwa 50 lenye unene wa milimita 4, kutoka reli moja ya chasisi hadi nyingine na kuendelea hadi chini ya habu, umeongeza kilo 14 tu. Jumla bado ni chini ya bamba tupu la milimita 6, na nguvu iko pale inapopita. Ngozi ya nje haibebi chochote zaidi ya kupokea mikwaruzo; milimita 3 au 4 zinatosha. Pembe za chini tu, zile zinazoburuzwa kwenye mawe, ndizo napenda ziwe 5.

Na usidhani kilo ni kilo tu popote ziwekwapo. Ekseli ya mbele na ya nyuma ya gari lako zimeachana milimita 2,850. Tairi litakuwa mita 1.3 hivi nyuma ya ekseli ya nyuma. Kila kilo 100 unazoning'iniza hapo zinaipa ekseli ya nyuma kilo 146, kwa sababu zinanyanyua pua na kuiondolea ekseli ya mbele kilo 46. Usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele zinapoteza sehemu ya mshiko, taa za mbele zinawamulika wenzako machoni. Pima urefu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi kabla na baada ya kazi. Gari likishuka zaidi ya sentimita 2 likiwa tupu, springi za nyuma zinahitaji kubadilishwa kwa zile za mzigo wa kudumu, na taa zirekebishwe upya. Anayesema uzito ndiyo uimara hajawahi kuliendesha gari hilo kwenye matope likiwa limejaa mizigo.

Kufunga kwenye chasisi: usichomelee. Tumia mabamba ya milimita 8 yanayolala kwenye ubavu wa reli, na bolti za M12 za daraja la 8.8 (alama ya ugumu iliyo kichwani mwa bolti), zisizopungua 4 kila upande, nyingine zikiingia kwa ubavu na nyingine kutoka chini ili zisaidiane. Reli ya chasisi ni bomba lenye uwazi ndani. Ukiikaza bolti inayolipita lote bila kitu katikati, kuta zinabonyea na bolti haitakaa imekaza tena. Ingiza bomba dogo la chuma ndani ya tundu, bolti ipite humo, ndipo ukaze hadi nyutoni-mita 80 hivi. Matundu ya kiwandani yatumie kwanza. Ukilazimika kutoboa, toboa kwenye ubavu na uache kingo za juu na za chini za reli, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba kupinda.

Kama utaweka masikio ya kuvutia gari likinasa, yapitishe kwenye ngozi ya bampa hadi kwenye mabamba ya chasisi na uyachomelee pande zote mbili. Sikio lililobandikwa juu ya ngozi tu ni jiwe la kombeo linalosubiri kamba ikaze. Kwa shakli (pete ya chuma yenye pini ya kuunganishia kamba) ya tani 4.75, ambayo pini yake ina milimita 22, sikio liwe na unene wa milimita 20 hadi 25 na tundu la 25, kingo zake zikiwa zimesuguliwa. Na mpira wa kuvutia trela usifungiwe kamba ya kumnasua mtu hata siku moja. Hukatika shingoni na kuruka, na umeshaua watu.

Mpangilio wa kazi ni huu. Anza na maboksi na mbao. Kata duara la sentimita 88, lifungie kwenye ubao wa urefu wa mkono, ubao uugongomee pini mahali habu itakapokaa, kisha uuzungushe taratibu. Utaona mapema kama tairi linagonga pembe ya bampa likifunguka, kama linafunika taa, na kama kipande cha chini cha mlango wa nyuma kinashuka bila kuugusa mkono. Kama wako ni wa milango miwili inayofunguka kando, habu iwe upande wa mlango unaofunguka kwanza, ili mkono na mlango vielekee upande mmoja. Mkono ufunguke kupita nyuzi 90. Ukiishia 90 kamili, utakuwa unauzunguka kila unapotoa sanduku. Spindeli isimame wima kwa timazi gari likiwa sehemu tambarare, na uweke pini au shoki ya gesi ya kuushika ukiwa wazi. Ukisimama kwenye mteremko, kilo 65 zinazojifunga zenyewe zitakukuta umeinama ndani ya buti.

Baada ya hapo mifupa ishikizwe kwa nukta chache ikiwa kwenye gari, iondolewe, ifungwe kwenye meza au kwenye bomba zito ili joto lisiipinde, ndipo ichomelewe kwa kuruka upande hadi upande. Hata kwa zile nukta, toa waya wa betri kwanza, funika tangi la mafuta na mabomba yake kwa blanketi la moto, na awepo mtu mwenye kizimamoto. Chuma kilichopakwa zinki kisuguliwe hadi kiwe cheupe kabla ya moto, kwani moshi wa zinki huleta homa usiku huo. Na dawa ya kupuliza ya kusafishia breki isitumike kufuta chuma kitakachochomelewa: zenye klorini hugeuka gesi ya sumu kwenye mwali.

Bampa liache nafasi kwa bomba la moshi, litobolewe matundu ya kutolea maji sehemu za chini, na likae juu kadiri mlango unavyoruhusu ili lisichimbe ardhi ukipanda kingo. Namba ya gari na taa yake zionekane, taa za breki zisifunikwe na tairi, na uulize sheria ya kwenu inasemaje kabla chuma hakijakatwa, si baada. Rangi ya kawaida juu ya praima yenye zinki naipendelea kuliko rangi ya unga ya kuokwa. Ya unga inapendeza, lakini ni nene na ngumu, huweza kuziba ufa mdogo usiuone, na ukitaka kurekebisha chomeleo moja unaivua sehemu kubwa.

Ukishalifunga, tembea nalo kilomita 100 za barabara mbovu, rudi ukaze bolti zote za chasisi na nati ya habu, kisha pitisha tochi kwenye kona ya nguzo, kuzunguka spindeli, na chini ya kiti. Plastiki ya kiti ikiwa imelika upande mmoja tu, mkono haukai sawa. Weka kibati chembamba chini ya upande uliolika hadi alama ya msuguano ienee kote.